Maktaba ya umma imejaa watu, vitabu vya rafuni havina mgusaji. Tatizo ni nini hasa?

#1 MpitaRafuni

Wakuu, habari za kazi.

Ofisi yetu iko jirani na maktaba ya mkoa, jina la mkoa naliweka pembeni. Mchana huwa naingia kidogo kabla ya kurudi kazini. Kiti hupati. Vijana wamejaa hadi kwenye ngazi, na mlinzi anawasimamisha wengine mlangoni mpaka atoke mtu.

Sasa tazama juu ya meza. Madaftari, pasti pepa, kikokotoo, simu, chupa ya maji. Kitabu chenye lebo ya maktaba mgongoni hukioni. Nenda kule 896.392, inakopangwa fasihi ya Kiswahili: vumbi, na rafu imepinda katikati. Nimevuta riwaya moja nikafungua nyuma, penye karatasi ya mihuri ya kurudishia. Mhuri wa mwisho ni wa 1991. Iliyofuata ni ya 1988. Umati wote ule unakaa hatua chache kutoka hapo, na vitabu vile havijatoka nje ya jengo kwa zaidi ya miaka 30!

Maktaba zetu zimegeuka vyumba vya kujisomea, na mimi naona tumepoteza kitu kikubwa. Je, kosa ni la wasomaji, la vitabu vyenyewe, la taratibu za kuazima, au la mfumo wa elimu? Wenye uzoefu naomba mseme.

#2 KigodaMbele

Nimeweka kigoda, nasubiri nondo.

#3 DogoPCB

Shikamooni wakubwa.

Mimi ni mmoja wa hao waliojaa kwenye ngazi, kwa hiyo nisemee upande wetu. Nyumbani tuna chumba na sebule. Sebuleni wadogo zangu wanalala kuanzia saa tatu, taa inazimwa. Nje kuna baa, spika zinaelekea dirishani kwetu. Nikitaka kupiga msuli ni maktaba au chini ya taa ya kituo cha mafuta, na kule mgambo anatufukuza.

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Mkuu #1, unataka mimi nisome riwaya ya 1988 ili iweje? Vitabu vya fizikia vilivyopo rafuni ni vya mtaala uliopita. Natumia desa na pasti pepa kwa sababu ndivyo vinavyonivusha. Maktaba imenipa meza, taa, na watu ambao wote wanasoma. Hilo peke yake limenisaidia kuliko kitabu chochote.

#4 MamaWawili

Marahaba mwanangu. Soma, usijali maneno.

Niongeze tu kwamba nyie wanaume mkifika maktaba mnaishia ukumbi wa wakubwa. Pandeni sehemu ya watoto Jumamosi asubuhi. Vitabu vya picha vinagombaniwa kule! Binti yangu wa darasa la pili kuna kimoja cha sungura anakisubiri kila wiki, akifika anakuta kimeshachukuliwa na mwenzake. Kimechakaa, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, na bado wanakililia. Kwa hiyo kusema vitabu havina mgusaji siyo kweli kwa jengo zima. Kuna umri fulani hapo katikati ambapo mtoto anaachishwa vitabu. Mimi nadhani ni pale anapoanza kufundishwa kwa ajili ya mtihani.

#5 MkutubiMstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utumishi, niruhusuni niandike kirefu.

Kwanza nimsahihishe mleta mada. Karatasi ya mihuri inakuonyesha kitabu kilichotoka nje tu. Kilichosomwa humo humo ndani hakipigwi mhuri. Mmeona kibao kinachosema "usirudishe kitabu rafuni, kiache mezani"? Watu hudhani tunaogopa mtavichanganya. Hilo lipo, lakini pia jioni tunahesabu vilivyobaki mezani, na hapo ndipo tunajua nini kinasomwa. Kitabu kinaweza kuwa na mhuri wa zamani na bado kinafunguliwa kila wiki.

Pili, historia. Kabla ya Uhuru kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948. Ilichapisha vitabu, na ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazimisha watu kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Sydney Hockey aliandika ripoti kuhusu maktaba za Afrika Mashariki, akashauri kila nchi iwe na huduma yake ya kitaifa. Tanganyika ikatunga sheria 1963. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, barabara inayoitwa leo Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo sasa ni ya 1975.

Tazameni miaka hiyo. Ni wakati wa kampeni za kufuta ujinga. Maktaba ilikusudiwa mtu mzima aliyejifunza kusoma juzi apate cha kusoma leo, asije akasahau. Ndiyo maana zikawepo maktaba za vijiji, rafu moja kwenye ofisi ya kijiji au darasani. Mkulima anaazima kijitabu cha kilimo cha pamba. Mwanafunzi wa kidato cha sita hakuwa mlengwa mkuu.

Miaka ya themanini hali ya uchumi ikawa ngumu na fedha za kununua vitabu zikakauka. Mishahara ililipwa, majengo yakabaki, vitabu vikasimama. Mleta mada, hiyo mihuri yako ya 1988 na 1991 inaangukia hapo hapo.

#6 MpitaRafuni

Mzee #5, heshima yako. Hilo la kuhesabu vilivyoachwa mezani silibishi. Lakini vumbi nililolikuta juu ya riwaya zile ni vumbi la kitabu kisichofunguliwa, siyo vumbi la wiki. Na hoja yako ya fedha inaeleza kwa nini vitabu vipya havipo. Haielezi kwa nini vizuri vya zamani havisomwi. Riwaya nzuri haiozi.

#7 Bingwa_wa_Taratibu

Mkuu #6, havisomwi kwa sababu kuvitoa nje ni kazi kuliko kupata mkopo.

Nilikwenda kujiunga kwenye maktaba ya wilaya niliyohamia. Nikapewa fomu. Picha za pasipoti, barua ya mwajiri au serikali ya mtaa, mdhamini mwenye kazi ya kudumu, halafu ada ya mwaka. Mimi nimejiajiri, ninashona viatu. Mwajiri simjui, na mdhamini mwenye ajira ya kudumu kwenye mtaa mgeni ningempata wapi? Mtendaji wa mtaa akataka "hela ya karatasi". Nikaacha. Nilichokuwa natafuta ni kitabu cha hesabu za biashara ndogo.

Ilani ya UNESCO ya maktaba za umma, ile ya 1994 na hii iliyohuishwa 2022, inasema wazi kwamba kimsingi huduma ya maktaba ya umma iwe bure. Sisi ada inaanzia mlangoni.

#8 MkutubiMstaafu

Ndugu #7, uchungu wako naujua, na hela ya karatasi ni makosa, haimo kwenye fomu yoyote. Ila sikia na upande wa kaunta. Mtu anaazima kitabu, anahama mji, simu hapokei. Nakala ilikuwa moja. Na wasiotoka nacho nje wanakuja na wembe. Kitabu cha marejeo unakikuta na jalada zuri, ukifungua sura nzima haipo, imekatwa safi kando ya mshono. Mara nyingi ni ile sura inayoulizwa kwenye mtihani. Mdhamini aliwekwa kwa sababu kitabu kikipotea hatuna fungu la kukinunua tena.

#9 Bingwa_wa_Taratibu

Sawa mzee, lakini mwenye wembe hana haja ya mdhamini, anakatia humo humo ndani. Sheria inamkamata mshona viatu na kumwacha mkata kurasa.

#10 KigodaMbele

Hapo #9 umemaliza aisee.

#11 Eastlando

Salamu kutoka Nairobi.

Nimefuatilia na naona mambo ni yale yale, ila kwetu kuna kisa kinachotoa mwanga kidogo. Maktaba kongwe ya jiji ni McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931. Lady McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe. Ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi Uhuru. Sasa ukisema watu hawana mazoea ya maktaba, kumbuka kuna babu zetu waliopita nje ya jengo lile kila siku wakienda kazini na hawakuruhusiwa kupanda ngazi zake.

Huku Eastlands tuna matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara. Yalikuwa yamechoka. Halafu shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na akina mama wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likashirikiana na serikali ya jiji kuyakarabati. Kabla ya kupaka rangi walikaa na wakazi wakawauliza mnataka maktaba ya namna gani. Sasa Kaloleni kuna vipindi vya watoto, sanaa, kompyuta. Watoto wanaingia kwa sababu ya michezo na wanatoka na hadithi.

Kwa hiyo ndugu #1, usiwaondoe wanaokaa. Watumie. Mtu aliyekwisha kukaa ndani ya jengo ni rahisi kumpa kitabu kuliko aliye nje.

#12 Karani_wa_Zamani

Eastlando, sahihisho dogo: McMillan ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote 1958, na 1962 ikakabidhiwa kwa baraza la jiji. Yote mawili ni kabla ya Uhuru. Mengine uliyosema yako sawa. Na tangu Katiba ya 2010 huduma za maktaba zimewekwa kwenye orodha ya majukumu ya kaunti, kwa hiyo tawi likifa siku hizi muulize gavana kwanza.

#13 Eastlando

Shukrani #12. Miaka 27 ya kuzuiwa bado ni mingi.

#14 KalamuYaTanga

Mimi ni mwandishi, nina vitabu vitatu vya hadithi. Niseme jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui.

Ukitaka namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, kwa Tanzania, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Angalia nyuma ya kitabu chochote cha hapa, utaona 978 halafu 9987 au 9976. Kenya wana 9966. Sheria pia inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kila kitabu kipya kama amana ya taifa. Nami napeleka, na napeleka kwa moyo.

Lakini nakala zile za amana haziazimishwi. Zinatunzwa kama kumbukumbu ya taifa, kizazi kijacho kizikute. Ni sawa kabisa. Ila msomaji wa Songea au Bukoba hatakiona kitabu changu kwenye rafu ya mkoa wake mpaka mtu akinunue. Nani anakinunua? Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule kwa sababu huko ndiko kuna mnunuzi wa uhakika. Kama kila maktaba ya mkoa ingenunua hata nakala mbili za kila riwaya mpya ya Kiswahili, mchapishaji angethubutu kuchapa riwaya. Sasa hathubutu, na mleta mada anakuta riwaya za 1988. Zile zilikuwa mpya wakati kuna mnunuzi!

Hivyo mimi nakataa kwamba msomaji ndiye tatizo. Msomaji anakula kilichopakuliwa.

#15 Mjuba_wa_Dodoma

Na rafu zilizobaki zimejazwa misaada. Kwenye maktaba moja nimekuta mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo haitumiki popote duniani leo, na kitabu cha kupika pai za tufaha. Nani kaomba hivyo? Tumekuwa jalala la wazungu.

#16 MamaWawili

#15, taratibu. Hicho cha sungura anachokisubiri binti yangu ni cha msaada.

#17 MkutubiMstaafu

Nami nimtetee mtoaji kidogo. Kuna misaada na misaada. Miaka ya nyuma kweli tulipokea mabaki ya maghala ya watu. Lakini Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza 1954 kwa jina la Ranfurly Library, siku hizi inaleta vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji, na maktaba husema inahitaji vya aina gani. Vitabu vya uuguzi na udaktari vilivyotoka kwao nimeviona vikigombaniwa. Upungufu wake ni mmoja, karibu vyote ni vya Kiingereza. Cha Kiswahili hakuna mtu wa London atakayekuletea. Hicho ni juu yetu, kama alivyosema #14.

#18 TechnoKijiji

Wadau mnazunguka. Jibu liko mkononi mwenu, ni simu. Kitabu kizima kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sekunde. Nani aje kutafuta rafu ya 896 sijui ngapi?

#19 DogoPCB

Kaka #18, kifurushi cha intaneti unaninunulia wewe? Nusu ya tunaokaa maktaba tunatafuta pia soketi ya kuchajia. Simu yangu kioo kimepasuka, kusoma sura nzima humo macho yanauma. Tunaprinti kurasa tunazozihitaji, tunagawana.

#20 KalamuYaTanga

Na hicho kitabu kizima kinachotumwa WhatsApp kwa sekunde ni chakula cha mtu. Naomba tusikisifie.

#21 SautiNaMwanga

Wakuu salaam. Mimi sioni, naandika kwa simu inayonisomea.

Kila mtu hapa anazungumza rafu na mihuri. Kwangu maktaba nzima ilikuwa jengo la kuta tu, mpaka nilipokuta mkutubi mmoja aliyekuwa akinisomea ukurasa wa mbele wa gazeti kila asubuhi kabla hajafungua kaunta. Haikuwa kazi aliyopangiwa. Alinisomea hata matangazo ya kazi, na tangazo mojawapo ndilo lililonipa ajira niliyo nayo.

Upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Unaruhusu kitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti kwa ajili yetu bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Tanzania na Kenya zote zimejiunga. Ruhusa tunayo, basi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kinasa sauti. Wanafunzi hao waliojaa, likizo, kila mmoja akisoma sura moja ya riwaya ile ya 1988 kwa sauti, sisi tungekuwa na maktaba. Na wao wangekuwa wameisoma.

#22 MpitaRafuni

#21, umenigusa. Hili la wanafunzi kusoma kwa sauti halikuwahi kunijia. Ninamuuliza mkutubi wetu.

#23 KalamuYaTanga

Vitabu vyangu vitatu vichukueni, hata kama sheria haiwataki mniombe.

#24 Mjomba_Kisiki

Nyie mnajadili vitabu, mke wangu nilimpata meza ya karibu na dirisha. Yeye ndiye aliyekuwa na kikokotoo. Leo tuna watoto wawili. Maktaba ni huduma ya jamii, msiibeze.

#25 MamaWawili

Hahaha! Na pasti pepa mlizimaliza?

#26 Mjomba_Kisiki

Yeye alipata daraja la kwanza, dada. Yangu tuyaache.

#27 KigodaMbele

Kumbe ndiyo maana ngazi zinajaa. DogoPCB unasikia?

#28 DogoPCB

Mimi nina Mei jamani, niacheni.

#29 Yakhe_wa_Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari, nipo Toronto sasa.

Huku maktaba za jiji zina matawi 100, kadi ni bure kwa mkaazi, na faini ya kuchelewesha kitabu waliiondoa 2022. Waliona faini inamfukuza maskini, na kitabu hakirudi vilevile. Ila msidhani watu wamejaa kusoma riwaya. Ukiingia tawi la mtaani kwetu utakuta wanafunzi na kompyuta zao, wageni wanajifunza lugha, mzee kalala na gazeti, mtu anajaza fomu za kazi. Kukaa huko mnakokulalamikia ndiko kunakowapa hoja wakienda kuomba bajeti. Tofauti naiona pahala pamoja tu, kwamba anayetaka kitabu anakipata, hata kama kipo tawi jingine wanamletea.

#30 Mjuba_wa_Dodoma

Sheikh #29, mtatuua na mifano ya Kanada. Linganisha na sisi wenyewe basi. Mbona ile maktaba mpya ya Dar iliyojengwa na Wachina ina viti 2,100 na nafasi ya vitabu 800,000? Uwezo tunao.

#31 Karani_wa_Zamani

#30, hiyo ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifunguliwa Novemba 2018. Ni ya chuo. Mshona viatu wetu #7 siyo mlengwa wake. Tunajadili maktaba za umma.

Na mfano wa karibu upo, tena wenye jasho. Kaskazini mashariki mwa Kenya, Garissa, huduma ya taifa ya maktaba ilianza 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Wanafika kwa wafugaji, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanachagua. Vitabu vile vinaazimwa, na msafara ukirudi vinarudishwa. Watu wanaohama na mifugo, ambao kwa taratibu za fomu yetu wasingepata mdhamini hata mmoja, wanaaminiwa kitabu.

#32 Bingwa_wa_Taratibu

#31, Mungu akubariki. Mfugaji anayehama anapewa, mimi mwenye kibanda kisichohama naambiwa nilete mwajiri.

#33 Babu_Magazeti

Wajukuu, wengine hapo juu wamedokeza mazoea ya kusoma, na najua kuna anayetaka kuandika kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Asiandike. Njoo saa mbili asubuhi kwenye meza ya magazeti. Wastaafu tunapanga foleni kwa yale magazeti yaliyobanwa kwenye mbao ili yasibebwe. Mmoja akiwa na ukurasa wa michezo, mwingine anasoma kwa mgongo wake. Hadithi ya mfululizo ikikatwa gazeti la Jumatano, Alhamisi watu wanauliza nani kaiona. Bandika riwaya mpya sura kwa sura kwenye mbao ile, mtaona foleni.

#34 MpitaRafuni

Babu shikamoo. Kwa hiyo tatizo ni mahali inapowekwa?

#35 Babu_Magazeti

Marahaba. Mahali, na upya wake. Mtu anasoma anachoweza kukizungumza na mwenzake kesho yake. Riwaya yako ya 1988 utazungumza na nani?

#36 MkutubiMstaafu

Hapo siungi mkono moja kwa moja. Nimewaazimisha watu riwaya zenye umri kuliko wao, wakarudi kuulizia nyingine ya mwandishi yuleyule. Shida ni kwamba hakuna mtu wa kuwaelekeza. Ukumbi wa watu mia wakutubi wawili, mmoja kaunta, mmoja anapanga rafu. Chuo cha wakutubi kipo Bagamoyo, vijana wanahitimu. Wanaajiriwa wangapi na maktaba za wilaya? Mkutubi anayejua msomaji wake ndiye anayetoa kitabu rafuni. Rafu haijisemei.

#37 TechnoKijiji

Bado nasema simu. Mkutubi wa simu hachoki.

#38 MamaWawili

#37, mkutubi wa simu amempa mwanangu video za mieleka.

#39 Fundi_Cherehani

Samahani wakuu, mimi nimeingia kwa ajili ya swali. Mtoto wa darasa la nne anajiungaje? Na yeye anahitaji mdhamini?

#40 MamaWawili

Hapana dada, wewe mzazi ndiye unayesaini fomu yake. Sisi tulibeba picha zake na cheti cha kuzaliwa, na ada ya mtoto ni ndogo kuliko ya mkubwa. Kila maktaba ina utaratibu wake, kwa hiyo piga kaunta kwanza uulize. Ukienda Jumamosi wahi mapema, wengine hufunga mchana.

#41 Bingwa_wa_Taratibu

Subirini. Mzazi anasaini peke yake, bila mwajiri wala mdhamini?

#42 MamaWawili

Kwetu ndivyo.

#43 Bingwa_wa_Taratibu

Basi nina binti wa darasa la tano. Jumatatu tunakwenda wote wawili, na kile cha hesabu za biashara ndogo tutauliza kama ataruhusiwa kuazima.

#44 MkutubiMstaafu

Kadi ya mtoto ni kwa vitabu vya watoto, ndugu yangu. Ila mkifika niandikie faragha uniambie ni wilaya gani. Barua ya mwajiri kwa mtu aliyejiajiri ina njia yake, mkuu wa maktaba anaweza kukubali ya mtendaji wa kata. Na ya kata hailipiwi.